Sori ya Dokta Andrea

Mpwa wangu Neema ni mkalimani wa mikutano hapa mjini Arusha. Anakaa ndani ya kibanda cha vioo, visikilizio masikioni, chupa ya maji mbele yake, na mwenzake yuko ubavuni wakipokezana kila baada ya nusu saa. Siku aliyonipeleka kuona nilicheka mpaka akaona haya mbele ya wenzake. Kupokezana! Mimi nimefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita nikiwa nimesimama, mara nyingi na dekio mkononi, na sikupokezana na mtu. Tukatoka hapo, wenzake wakaniamkia, wakaniomba niwaandikie niliyojifunza.

Haya, nimeandika. Lakini nawaambia mapema, wanangu, msitegemee kusoma sifa za bibi. Ya kuchekesha yapo, na nitayasema, maana bila hayo najua mtanifunga ukurasa wa kwanza. Ila kilichonikalisha hapa na kalamu ni maneno ya daktari mmoja, ambayo nilipewa niyafikishe kwa mama mmoja wa Kikatiti, nami sikuyafikisha. Nilimpa mengine ya kwangu. Yule mama akaishi miaka kumi na minane akiamini kwamba yeye ndiye aliyemwua mtoto wake.

Sikusomea ukalimani. Baba yangu alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, mama Mmeru, kwa hiyo nyumbani tuligombezwa kwa Kimaa na kubembelezwa kwa Kimeru. Kiswahili nilikipata shule. Kiingereza nilikiokota kwenye nyumba ya wamisheni nilikokuwa yaya, nikijifunza pamoja na watoto wao, wao wakinishinda kila wiki. Nilipoajiriwa kwenye hospitali moja ya misheni, ambayo sitaitaja, niliajiriwa kudeki wodi na kumwaga mikojo. Siku moja nesi aliyezoea kufasiri alikuwa likizo. Daktari mzungu na bibi mmoja wa Kimeru walikuwa wanaonyeshana tumbo kwa vidole kama watu wanaobishania mpaka wa shamba. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Anasema linauma akishakula, si kabla." Daktari akageuka, akaniona na dekio langu, akaniambia nisiondoke. Sikuondoka mpaka nilipostaafu.

Daktari huyo ndiye Dokta Andrea. Jina lake la kwao lilikuwa na herufi zinazogongana, tukamlainishia hivyo, naye akaridhika nalo.

Sasa niwaambie kuhusu maneno. Watu hudhani maneno magumu kwa mkalimani ni yale marefu. Wapi! Jina la ugonjwa hata liwe refu namna gani, ukilijua umelijua. Linalokutoa jasho ni neno dogo ambalo kila mtu mtaani anadhani analijua. Langu lilikuwa sori.

Wiki yangu ya kwanza alikuja mzee wa Kiarusha, shuka begani, rungu kwapani, sauti chini. Dokta Andrea akamwuliza anaumwa wapi. Mzee akanong'ona. Daktari akamwinamia, akasema, "Sori?" Na mimi, kwa kiherehere changu, nikamwambia mzee kwa Kimaa kwamba daktari anaomba umsamehe. Mzee akafikiri. Akaniuliza, "Amenikosea nini? Si tumeonana sasa hivi?" Hapo nilishajua nimeharibu, lakini kiburi cha kupandishwa cheo kutoka kwenye dekio kikanizuia kukiri. Nikasema, labda ni kwa kukuchelewesha kwenye foleni. Mzee akasema kijana huyu amelelewa vizuri, akamshika mkono, akamtemea mate kiganjani, mate ya baraka kama wazee wetu wanavyofanya. Daktari akanigeukia uso umemtoka rangi. "Ana kifua kikuu?"

Siku nyingine Dokta Andrea aliteleza kwenye korido. Alikwenda chini mzima mzima, na mafaili yote. Wauguzi, wagonjwa, hadi mlinzi wa getini, kila mmoja akapaza sauti: sori dokta, sori, sori sana. Akaamka anajipangusa, akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Hawa wote wamenifanya nini? Wamenisukuma?" Nikamweleza kwamba kwetu mtu akianguka unampa pole hata kama uko ng'ambo ya barabara, hata kama amejiangusha mwenyewe kwa ulevi, na kwa vile yeye ni mzungu basi pole yake imevalishwa suti ya Kiingereza. Alicheka sana. Sikumwambia kwamba sakafu ile nilikuwa nimeideki mimi na sikuikausha. Mwenye kosa pale nilikuwa mimi peke yangu, na katika korido nzima ni mimi peke yangu niliyenyamaza.

Na kuna siku ya paa. Dokta Andrea aliandika taarifa kwa Kiingereza kwa wazee wa kamati ya hospitali kwamba paa la wodi ya watoto liko katika hali ya sori. Nikasimama mbele ya wazee, nimevaa gauni la kanisani, nikasoma kwamba paa linaomba radhi. Mzee mmoja akasema, "Likishatubu, litaacha kuvuja?" Wakanitania na hilo miaka na miaka. Nikipita wananiuliza, mama, paa limefikia wapi, limebatizwa?

Ndipo nikanunua daftari. Nawashauri na ninyi, pamoja na hizo simu zenu, muwe na daftari, maana mkono ukiandika akili inakaa. Ukurasa wa sori ulijaa, nikaanza mwingine. Kuna sori ya pole, kuna ya samahani. Kuna ya sikusikia, rudia. Kuna ya nipishe nipite. Kuna ya huruma, kuna ya majuto, kuna ya kitu kilichochakaa kama lile paa. Kuna na ile ya kukufungia mlango kwa adabu: sori, hatuna kitanda. Ukimsikia mtu ameisema, usikimbilie mdomo. Mtazame anayeisema, mtazame anayeambiwa, tazama ni nani amelala kitandani.

Nilichojifunza nikakipigia mstari kwa wino mwekundu ni hiki. Pole haina mwenyewe. Mpita njia anaweza kuitoa na akaendelea na safari yake. Samahani ina mwenyewe, na anayeisema ameshika kosa lake mkononi ulione. Nililijua hilo mapema, kabla hata mtoto wa Mama Elifuraha, yule mama wa Kikatiti, hajazaliwa. Kwa hiyo msije mkanitetea kwamba bibi alichanganya maneno. Sikuchanganya.

Aliyenilea kwenye kazi ni Matroni, mama wa Kichaga, mnene, mkali, viatu vyake ukivisikia korido nzima inanyooka. Mengi mazuri nimepata kwake. Alinifundisha nisimame nyuma ya bega la mgonjwa, si upande wa daktari, ili mgonjwa asione amechangiwa. Alinifundisha tarakimu zote niandike kiganjani, nisiziamini kichwani. Alinifundisha nisichoke na salamu. "Hawa watu wenu," aliniambia, "wataanza na mvua, waje kwa ng'ombe, waje kwa mchungaji, na ugonjwa wenyewe watautaja wakiwa wameshika kitasa wanatoka. Kwa hiyo usiufunge mdomo wako mpaka mlango umefungwa." Ni kweli tupu. Nusu ya magonjwa niliyofasiri yalisemwa mlangoni.

Lakini alinifundisha na jingine. "Maneno ya mkubwa yakiwa na miiba, chambua miiba kwanza ndipo umpe mgonjwa." Na maneno ya mgonjwa vivyo hivyo, kwenda kwa mkubwa. Nikaona ni hekima. Daktari akiwa amechoka akasema mwambie huyu mjinga aache kunywa pombe, mimi nasema, "Baba, daktari anakusihi." Mgonjwa akisema mwambie huyu mzungu sindano zake ni za ng'ombe, mimi nasema, "Anauliza kama kuna vidonge." Watu wakaondoka wanapeana mikono. Nikasifiwa kwamba nina ulimi wa asali. Nikazoea, jamani. Ukizoea kupunguza miiba kila siku, siku moja unajikuta umepunguza na nyama.

Ilikuwa masika. Mama Elifuraha alikuja kutoka Kikatiti na binti yake wa miaka minne, kifua kimembana. Huyo mama alikuwa binti mdogo tu, labda miaka ishirini na minne, na mtoto huyo ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Nyumbani alikuwa amemnywesha mtoto dawa ya mizizi siku mbili kabla ya kumleta. Sioni ajabu, nani kati yetu hakunyweshwa? Mtoto akalazwa, akaanza kupata nafuu, siku ya pili akaniomba ndizi. Siku ya tatu Dokta Andrea akabadilisha dawa. Sindano ikachomwa. Haikupita muda, mtoto akavimba midomo, akahangaika kutafuta pumzi, na pamoja na mbio zote tulizopiga, akafa mikononi mwetu.

Kwenye kadi yake, pale juu, iliandikwa kwa wino mwekundu kwamba dawa hiyo inamdhuru. Iliandikwa hapohapo hospitalini mwaka mmoja kabla. Dokta Andrea hakuwa ameisoma kadi.

Alikuja yeye mwenyewe kumwambia mama wa mtoto. Wengine wangemtuma nesi. Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko yule mama, miwani ameishika mkononi. Mimi nikasimama nyuma ya bega la mama. Matroni alisimama mlangoni. Nje, upande wa pili wa ukuta, walikuwa wanaume wa ukoo, nasikia sauti zao. Dokta Andrea akasema polepole ili nipate kumfuata, kama alivyokuwa amejifunza kwa miaka yote hiyo.

Alisema: "Mama, mtoto wako amekufa kwa kosa langu. Iliandikwa kwamba dawa ile haimfai. Sikusoma. Wewe hukufanya kosa lolote, ulifanya vizuri kumleta. Kosa ni langu peke yangu, na naomba unisamehe kama utaweza." Akamalizia na lile neno. Sori. Akalirudia.

Nilimwelewa kila neno. Hakukuwa na fumbo wala giza. Matroni akakohoa pale mlangoni, kikohozi kidogo kikavu, nami nilikijua kile kikohozi. Nikafikiria wanaume wale nje. Nikafikiria hospitali ikifungwa. Nikamfikiria Dokta Andrea, ambaye nilimpenda kama ndugu, akitolewa pale na askari. Nikafungua mdomo wangu wa asali, nikasema kwa Kimeru:

"Mama, daktari anakupa pole sana. Wamejitahidi mno. Mungu amempenda zaidi."

Mama Elifuraha hakulia. Aliniinulia macho, akauliza, "Mwulize, dada. Ni ile dawa ya mizizi niliyompa?"

Hilo swali, wanangu. Kama kuna mahali ningeweza kurudi hata kwa magoti, ni pale. Ningemgeukia tu daktari nikamwuliza. Sikumwuliza. Nikamjibu mwenyewe, "Usijisumbue na hayo mama. Ni mapenzi ya Mungu." Na mtu akiuliza swali kama hilo akaambiwa asijisumbue, ameshajibiwa. Akainamisha kichwa akasema, "Mwambie ahsante kwa pole."

Dokta Andrea akaniuliza amesema nini. Nikasema, "Amesema amekusamehe."

Alinishika mikono yote miwili akalia kama mtoto. Baadaye Matroni akanipikia chai mwenyewe, na maziwa mengi, akaniambia, "Leo umefanya kazi." Na mimi, Mungu aniwie radhi, nilikunywa chai ile nikaamini hivyo. Dokta Andrea alirudi kwao mwaka uliofuata. Kila Krismasi alinitumia kadi, na kila kadi mwishoni ameandika, msalimie yule mama aliyenisamehe. Kadi hizo ninazo. Sikumsalimia mtu.

Neema aliponisikia nasimulia haya alitoa simu yake. Siku hizi simu inafasiri, unasema huku inatoka kule. Akaifanya izungumze: nikasema maneno ya Dokta Andrea kwa Kiingereza changu cha kuokota, simu ikayatamka kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu asiyekula ndizi. Lafudhi mbovu, salamu hamna, heshima hamna. Lakini ilisema kosa ni langu, mama, naomba unisamehe. Ilisema yote. Nikamwambia Neema aizime.

Mwaka jana nilikuwa natoka kumtembelea rafiki yangu, nikashuka Kikatiti ninunue ndizi. Mwuza ndizi akaniangalia, akaacha kupanga mikungu. "Shikamoo mama. Wewe si yule dada wa hospitali? Uliyenifasiria kwa dokta mzungu, alipofariki Elifuraha wangu?"

Nikaitikia marahaba.

"Mimi nakuombea mpaka leo," akasema. "Siku ile hakuna aliyenipa pole kama wewe." Akanichagulia mkungu mzuri, akaongeza ndizi tatu juu, akakataa nimlipe hizo tatu. Akanivutia kigoda. Tukakaa, akanisimulia maisha yake kama watu wanavyomsimulia mtu wanayemwamini. Kwamba amezaa wengine watatu na wote wazima. Kwamba akiugua mmoja wao hata mafua, yeye hutetemeka asiguse hata limau, humbeba akakimbia naye hospitali. Kwamba mama mkwe wake, tangu siku ile ya mazishi, hakuwahi kula chakula alichopika yeye. "Alisema mkono wangu umeshaua. Akila kwangu atakufa. Miaka yote hiyo nampikia, wanakula wengine, yeye anasubiri cha mkaza mwana mwenzangu. Amefariki mwaka juzi, na kwenye ugonjwa wake hakupokea maji ya mkono wangu."

Nikamwuliza na mume wake je. Akacheka kidogo. "Baba Elifuraha hakunitukana hata siku moja. Alikaa kimya. Mama yake akisema, yeye anatazama chini, anakula. Nami ningemlaumuje, mama? Dawa nilimpa mimi."

Mkungu wa watu nikaubeba nikafika nao kwangu Lemara na sikuweza kumenya hata ndizi moja. Uliivia pembeni ya jiko mpaka ukaoza. Nilichukua wiki mbili kabla ya kumweleza mtu, na niliyemweleza ni dada yangu mkubwa, anayekaa huko juu mlimani. Nilitegemea anitie moyo. Aliniacha nimalize, akaniambia, "Wewe ni mjinga, na ulikuwa mjinga tangu utoto." Kisha akatoka na kisu, akakata jani la sale kwenye mpaka wa shamba lake, akalifunga fundo, akanipa.

Ninyi wa mjini huenda sale mnaliona ni ua la kupamba geti. Kwetu Wameru, na kwa Wachaga, ukiwa umemkosea mtu kosa ambalo mdomo mtupu haulitoshi, unamwendea na sale. Na mtu akiletewa sale hakatai. Ndiyo uzito wake. Hata awe na uchungu kiasi gani, akiliona lile jani mikononi mwako amefungwa, lazima akusamehe. Nilikwenda nalo Kikatiti nimelifunga kwenye kanga, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kujisikia mwepesi.

Nilimkuta uani kwake anapepeta maharage. Akanyanyuka kunipokea kwa furaha, mpaka alipoona nilichokitoa kwenye kanga. Akarudi nyuma hatua moja.

"Umenikosea nini wewe? Si ulinipa pole?"

"Ndiyo kosa lenyewe," nikasema. Nikamweleza. Sikupamba. Kadi, wino mwekundu, sindano, kikohozi cha Matroni, swali lake ambalo sikuliuliza. Nilipomaliza nilikuwa bado nimenyoosha mikono, na sale liko juu yake.

Hakuligusa. Aliketi kwenye kigoda chake, akaendelea kupepeta, mara mbili, mara tatu, maharage yakawa yanaanguka nje ya ungo na yeye hayaoni. Kisha akasema bila kuniangalia, "Hicho ulicholeta kinanifunga mimi. Wewe ndiye uliyekosa, halafu unanifunga mimi? Kiweke chini."

Nikaweka chini, pale penye vumbi.

"Sasa sema alivyosema yule mzungu. Yote. Usinipunguzie."

Nikasema. Kwa Kimeru, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho, mtoto wako amekufa kwa kosa langu, wewe hukufanya kosa lolote. Alikuwa amefumba macho. Nilipofika mwisho akanyanyuka, akapaza sauti kuelekea zizini, "Baba Elifuraha! Njoo hapa!"

Akaja mwanamume mrefu, mvi zimeanza, majani ya ng'ombe bado yako kwenye sweta lake. Akaniamkia vizuri. Mkewe akamwambia, "Huyu mama ana maneno. Msikilize." Kisha akaniambia, "Sema tena."

Nikasema tena mbele yake. Nawaambia, nimefasiri wodini miaka ishirini na sita na sijawahi kuona maneno yakiingia kwa mtu namna ile. Alitafuta pa kukalia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaitazama mikono yake. Kuku wakaja wakaanza kula maharage yaliyomwagika na hakuna aliyewafukuza.

Mwisho akasema, "Pole, Mama Elifuraha. Pole sana."

"Pole nimeshiba," akasema mkewe. Sauti yake haikupanda. "Nimepewa pole na kijiji kizima. Nimepewa pole na kanisa. Huyu hapa alinipa pole nzuri kuliko zote. Miaka kumi na sita, baba, mama yako anasukuma sahani yangu, na wewe unaona. Sitaki pole."

Yule baba akafungua mdomo. Nikamwona analitafuta neno. Najua watu wanavyolitafuta, nimewatazama midomo maisha yangu yote, na nilitaka kumsaidia, nikajikaza nikanyamaza. Halikutoka. Alivyoona halitoki, akapiga goti, akanyoosha mkono akaliokota lile sale langu kwenye vumbi. Akalipangusa kwa sweta lake. Akalishika kwa mikono miwili, akamwinulia mke wake, kichwa ameinamisha.

Mama Elifuraha alilia hapo. Hakulia siku ya hospitali, alilia hapo, kwa sauti, mpaka mtoto wake mmoja akachungulia mlangoni. Halafu akafuta mikono yake kwenye kanga, akalipokea.

Nilikuwa nimekuja na sale moja tu. Nikasimama pale uani sina kitu mkononi, nikamwambia kwa mdomo wangu mtupu, "Na mimi nisamehe, Mama Elifuraha."

Akaniangalia, sale kifuani pake. Akasema, "Nimekusikia."

Wiki hiyo hiyo niliketi hapa Lemara nikamwandikia Dokta Andrea. Nilimweleza kwamba siku ile yule mama hakumsamehe, kwa sababu hakuambiwa cha kusamehe. Nikamweleza kwamba sasa ameambiwa. Na jibu alilonipa mimi yule mama nikamwandikia kama alivyolisema, nimekusikia, sikuongeza neno.